Faili Jekundu

Marekani huwezi kumnyoa mtu kwa malipo bila leseni ya jimbo. Nikipiga simu Mombasa, ndugu zangu bado huniuliza kama ni kweli nilikaa darasani nikafundishwa kunyoa, maana wao wananikumbuka Majengo, nikiwa na mashine, kioo na foleni ya vijana wanaotaka kukatwa kabla ya swala ya Ijumaa. Ni kweli nilikaa. Jimbo la Tennessee linadai saa 1,500 za mafunzo kabla ya kumpa mtu leseni ya kinyozi, na saa hizo si za mashine tu. Tulisoma magonjwa ya ngozi ya kichwa, tukajua mba ni nini na mashilingi ni nini, na ni mteja yupi hapaswi kunyolewa bali kuelekezwa kwa daktari. Siku ya mtihani wa vitendo unapanga vifaa juu ya taulo safi, vilivyotakaswa upande wake na vilivyotumika upande wake. Mteja anafungwa karatasi shingoni kwanza ili shuka isimguse ngozi. Kitana kikianguka hukiokoti ukaendelea nacho, unachukua kingine. Wembe unaulaza, ngozi unaivuta kwa vidole vya mkono wa pili, na msimamizi yuko begani kwako anaandika. Niliyapenda mafunzo yale, na mpaka leo nikiingia kwa kinyozi yeyote macho yangu hutafuta kwanza chupa ya maji ya buluu ya kuulia vijidudu.

Leseni hiyo niliitundika kando ya kiti nilichokodi Clarksville, mji ulio mlangoni mwa Fort Campbell, kambi iliyokanyaga majimbo mawili, Kentucky na Tennessee. Kambini humo ndimo alimofanya kazi mama watoto. Yeye alikuja Marekani kusoma, akaingia jeshini kupitia ule mpango ulioanza 2009 wa kuwachukua wageni wenye ujuzi wa tiba au wanaojua lugha ambazo jeshi lilizihitaji, Kiswahili kikiwa mojawapo. Akapata uraia, akapanda hadi usajenti. Ndoa tulifunga Mombasa, nikamfuata. Kwa hiyo katika nyumba yetu askari ni mke na kinyozi ni mume. Wenza wa askari wa Marekani karibu tisa kati ya kumi ni wanawake, na nimezoea kuingia ofisi za kambini nikaulizwa cheo changu na kikosi changu kabla sijafungua kinywa.

Tabu ya nyumba ya askari ni kuhama. Familia hukaa kituo kimoja miaka miwili au mitatu, kisha amri ya uhamisho inakuja. Mshahara wa askari unahama naye, lakini leseni ya mwenzake ilikuwa inaishia mpakani mwa jimbo, kwa sababu Marekani kila jimbo lina bodi zake, saa zake na mitihani yake, kuanzia nesi na mwalimu hadi msusi na kinyozi. Mwaka 2012 Wizara ya Fedha na Wizara ya Ulinzi za Marekani zilitoa ripoti juu ya jambo hili. Ilionyesha kwamba kati ya wenza wa askari walio kazini au wanaotafuta kazi, wapatao asilimia 35 wako kwenye fani zinazodai leseni au cheti, na kwamba wao huvuka mpaka wa jimbo kwa kuhama mara kumi zaidi ya raia wa kawaida. Katika utafiti wa Wizara ya Ulinzi wa mwaka 2021, asilimia 21 ya wenza waliotaka kazi hawakuwa nayo.

Pale Clarksville tulikuwa na jirani, msusi hodari, mke wa koplo, ambaye katika kuhamahama aliwahi kuambiwa arudi darasani kuongeza saa zilizopungua kwa hesabu ya jimbo jipya. Alipozimaliza, mumewe akahamishwa tena. Mwishowe aliacha kusuka akaenda kupanga bidhaa kwenye rafu za duka. Nilikuwa namwona asubuhi akisubiri basi na sare ya duka, na vidole vile vilivyosuka rasta za kumfanya mtu ageuke barabarani vimeshika kikombe cha kahawa. Kwa hiyo amri ya mama watoto ilipokuja, mwanzoni mwa kiangazi cha 2023, tukiambiwa twende jimbo moja la magharibi, mimi nilifikiria leseni kabla ya nyumba. Jimbo lenyewe silitaji, kwa sababu ofisi iliyotuhangaisha ndiyo hiyo hiyo iliyokuja kutuhudumia vizuri.

Tulikuwa na faili jekundu. Ndani yake mlikuwa na cheti cha ndoa cha Kenya, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, leseni yangu, hati ya saa zangu za mafunzo, barua za shule na karatasi za kodi za miaka yote niliyokaa kwenye kiti cha Clarksville. Pasipoti na amri ya uhamisho alizishika mama watoto kwenye mkoba wake.

Wapakiaji wa jeshi ni watu wa kasi. Wanakuja asubuhi na maboksi yaliyokunjwa, na kabla ya adhuhuri nyumba imekwisha. Wanafunga kila wanachokikuta, hawaulizi hiki ni nini. Tulikuwa tumesikia visa vya familia zilizofungua maboksi zikakuta pipa la taka na taka zake zimezungushiwa karatasi vizuri kama sahani za kaure. Ndiyo maana wenyeji wa kambi wana desturi yao: vitu vya kwenda navyo kwenye gari vinawekwa bafuni, mlango unafungwa, na karatasi inabandikwa ya kusema humu hamna cha kupakia. Tukafanya hivyo hivyo. Bafuni tukaweka masanduku ya nguo, viatu vya jeshi vya mama watoto, dawa za mtoto, mfuko wangu wa mashine na mikasi, na faili jekundu juu ya kila kitu.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Voi kututembelea. Ni mama wa kuamka kabla ya jogoo. Siku ile alikanda mahamri ya watu wa nyumba na ya wapakiaji pia, akisema mtu hawezi kubeba vyombo vya mwenzake na tumbo tupu. Vijana wale hawakuwahi kuona mahamri. Walikula wamesimama, chai ya iliki mkono mmoja, na mmoja wao akaomba ya kumpelekea mkewe. Mama mkwe alifurahi, akawahesabu kuwa wanawe. Mimi nilikuwa nje nikiandika na msimamizi wao orodha ya samani, mama watoto alikuwa kambini akirudisha vifaa vya kikosi.

Hapo ndipo kijana wetu mdogo alipojimwagia chai ya maziwa kifuani. Bibi yake akaona hawezi kuingizwa garini ananata. Akamshika mkono hadi bafuni, akaisoma ile karatasi mlangoni, akaielewa sawasawa: inawahusu wapakiaji. Bafu alilihitaji yeye. Akatoa kila kitu kilichokuwa ndani, akakipanga kwa adabu chumbani, pembeni ya ukuta, viatu sambamba, faili juu. Akamwogesha mjukuu, akampaka mafuta, akamvalisha. Walipotoka, chumba kilikuwa cheupe. Kijana aliyependa mahamri alikuwa amemaliza kazi yake, boksi limefungwa utepe, stika yenye namba imebandikwa, na kwenye orodha limeandikwa vitu mchanganyiko. Masanduku yenyewe waliyaacha, kwa sababu masanduku ya safari wanayajua. Viatu, dawa, mfuko wa mashine na faili vilikuwa tayari ndani ya lori. Mama mkwe akadhani tumeviingiza garini, akawashukuru, akawafungia yaliyobaki kwenye karatasi.

Tuligundua usiku wa pili, Kansas, kwenye hoteli ya kando ya barabara kuu, mtoto alipohitaji dawa yake. Tulitafuta chini ya viti, tukatafuta kwenye buti, tukafungua masanduku juu ya kitanda. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, ametulia, anatutazama. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyevitoa bafuni."

Kwetu mkwe ni mtu wa heshima, humjibu kwa haraka na humwangalii usoni ukiwa na uchungu. Mimi nilitoka nikaenda kutafuta duka la dawa lililo wazi. Niliporudi nilimkuta mama watoto amepiga magoti mbele ya mama yake, amemshika mikono yote miwili. "Mama, lala," alikuwa akimwambia. "Karatasi hazijaungua. Ziko kwenye lori, na lori linakuja tunakokwenda."

Lori halikuja. Sisi tulifika, tukapewa nyumba ya kambini, na vyombo vyetu vikawa vimeshushwa kwenye ghala katikati ya safari kusubiri gari lingine. Tukalalia magodoro ya kujazwa upepo tuliyoazimwa na majirani. Mama mkwe akapika kwa sufuria moja ya kuazima, ugali kwanza, mboga baadaye. Shule ikataka vyeti vya kuzaliwa. Kwa watoto walitupa muda, lakini kwangu mimi hali ilikuwa nyingine.

Nilipiga simu ofisi ya leseni ya jimbo. Aliyenipokea alikuwa mpole na hakujua lolote juu ya wenza wa askari. Akanisomea utaratibu wa kila mgeni: nilete hati ya saa kutoka shule yangu, bodi ya Tennessee iwatumie uthibitisho, kisha ombi lisubiri zamu yake, na huenda nikafanya mtihani tena. Nikamwambia kuna sheria mpya ya leseni za wenza wa askari. Akasema hajapewa maelekezo yoyote. Nikapeleka picha ya leseni iliyokuwa kwenye simu yangu, pamoja na amri ya uhamisho ya mama watoto. Jibu likaja kwamba amri ina jina la mwanamke na leseni ina jina la mwanamume, kwa hiyo wanahitaji kuona cheti cha ndoa. Ombi lenyewe lilikuwa la haki, ila cheti kilikuwa ghalani.

Tukamtuma shemeji yangu Mombasa akafuatilie nakala iliyothibitishwa. Alipata picha ya kitabu cha usajili kwanza, akanitumia, nami nikaituma mbele. Hapo likazuka la majina. Kwenye cheti cha Kenya nina majina matatu, langu, la baba na la babu. Kwenye leseni ya Tennessee mna langu na la babu, na la baba limebaki herufi moja. Kwa macho ya aliyelishika faili langu hao walikuwa watu wawili. Watu wetu wengi wa Afrika Mashariki waishio huku wanalijua jambo hili: benki ina jina moja, hospitali lingine, na uwanja wa ndege la tatu.

Wakati huo kambi nzima ilikuwa imeshajua kwamba kwenye nyumba yetu kuna kinyozi. Jioni moja ya Jumapili akabisha hodi kijana wa Goma, askari mpya, Kiswahili chake kitamu cha Kivu. Kesho yake asubuhi alikuwa na ukaguzi, na nywele zilikuwa zimemfunika masikio. Alikuwa na noti ya dola 20 mkononi na mashine yake mwenyewe mfukoni. Nilimkaribisha akakaa, nikamwambia siwezi.

Mama mkwe aliyasikia kutoka jikoni. Kijana alipoondoka akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mikono si unayo?"

"Ninayo, Mama."

"Basi mtoto wa watu umemwacha aende akaaibike?"

Nikamweleza kwamba huku mikono haitoshi. Nikikamatwa nikinyoa kwa malipo bila leseni ya jimbo hili, naweza kutozwa faini, na doa hilo linaweza kufika Tennessee likaiharibu ile leseni niliyo nayo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe lile faili ndiyo mikono yako." Hakulala vizuri usiku ule, nilimsikia akitembea.

Tumaini lilianza kwa mzee mmoja wa Kisii aliyestaafu jeshini, sasa dereva wa malori makubwa. Alikuja kutuona na mfuko wa sukuma wiki kutoka bustani yake. Jeshini aliendesha malori ya mizigo miaka mingi, na alipotoka hakufanya mtihani wa barabarani wa leseni ya lori la kiraia, kwa sababu tangu 2011 kanuni za serikali kuu zinaziruhusu idara za leseni za majimbo kumsamehe mtihani huo askari aliyeendesha magari makubwa kwa miaka miwili na mwenye rekodi safi. Alifanya ule wa maandishi tu. "Mimi sheria ilinibeba," akasema, "lakini niliibeba mkononi kwanza, nimeichapisha, nikaiweka juu ya meza yao. Karani hawezi kukupa haki ambayo hajaisoma." Akatuambia twende kwa mwanasheria wa kambi, ambaye huduma yake kwa familia za askari ni bure.

Mwanasheria alikuwa kapteni, mwanamke mwenye maneno machache. Alituchapishia kifungu chenyewe. Marekani ina sheria ya tangu 1940, iliyoandikwa upya 2003, ya kumkinga askari na mambo ya kiraia wakati yuko kazini, kama vile kufukuzwa nyumba na riba kubwa ya mkopo. Tarehe 5 Januari 2023 Rais Biden alitia saini nyongeza ya sheria hiyo. Inasema askari au mwenza wake akihamishwa kwa amri ya jeshi, leseni yake ya kazi itatambuliwa katika jimbo jipya kwa kipindi chote cha amri hiyo, katika kazi ya kiwango kile kile. Masharti yalikuwa machache: awe ameitumia leseni katika miaka miwili kabla ya kuhama, iwe hai na haina doa, apeleke nakala ya amri kwenye mamlaka ya leseni, na akubali kufuata kanuni za kazi na nidhamu za jimbo alilofikia. Fani zenye mkataba wa pamoja wa majimbo, kama uuguzi, hufuata mkataba huo pale unapowahusu. Kabla ya hapo majimbo yalikuwa yakijaribu kila moja kivyake. Arizona, kwa mfano, ilipitisha 2019 sheria ya kutambua leseni za majimbo mengine kwa kila anayehamia huko. Lakini familia ya askari haichagui jimbo la kuhamia, na ndiyo sababu sheria ya nchi nzima ilihitajika.

Kapteni akatuonyesha na jambo lingine, bichi kabisa. Mwezi huo huo, Julai 2023, jaji wa mahakama ya shirikisho huko Texas alikuwa ameamua kesi ya mke wa mwanajeshi wa anga, mshauri wa wanafunzi shuleni, aliyekuwa na leseni kutoka majimbo mengine na kuzuiwa asifanye kazi. Wizara ya Sheria ya Marekani iliingia upande wa mama huyo, na jaji akaamuru leseni zake zitambuliwe. Mama watoto aliisoma karatasi ile mara mbili. Yeye si mtu wa machozi, ila niliona amekaza taya.

Tukagawana kazi. Mama watoto alikumbuka kwamba nisingesajiliwa kuwa mtegemezi wake jeshini bila cheti cha ndoa, kwa hiyo akaenda ofisi ya utumishi ya kikosi, na nakala ilikuwamo kwenye kumbukumbu zake, safi, na muhuri wa Kenya unasomeka. Pasipoti yangu ilikuwa na majina yote matatu, na kitambulisho cha mtegemezi kikaonyesha kwamba mwenye majina matatu na mwenye majina mawili ni mtu mmoja. Mwenye duka la Clarksville akaandika barua kwamba nilikikodi kiti chake na kukifanyia kazi mpaka wiki ya kuhama. Kapteni akaandika barua fupi kwa mkuu wa ofisi ya leseni, akiambatisha sheria na uamuzi wa Texas.

Aliyenipigia safari hii alikuwa msimamizi. Alisema wameisoma, wanaikubali leseni yangu ya Tennessee, na barua ya kuitundika kwenye kiti itanifikia kwa barua pepe siku hiyo. Akaniomba radhi. Kisha akaniuliza, kwa moyo mweupe, kama ninaweza kumtumia ile orodha ya karatasi tulizoambatisha ili wamfundishie mhudumu wa simu. Nikamtumia usiku ule ule. Naamini ofisi nyingi zinazowaumiza watu wetu zina watu wa namna hiyo ndani, wanaosubiri mtu awafikishie maandishi.

Nilipata kiti kwenye duka la kinyozi lililo nje ya lango la kambi. Mteja wangu wa kwanza alikuwa yule kijana wa Goma. Nilimfunga karatasi shingoni, nikamfunika shuka, nikaanza na nyuma, nikipandisha taratibu kutoka ngozi tupu shingoni hadi nywele za juu, bila mstari wa kuonekana, maana jeshi halitaki mstari. Alipojitazama kwenye kioo alinyamaza, akapapasa kisogo. Mama mkwe alikuwa ameomba kuja kuona. Alikaa kwenye benchi la wateja na mkoba wake magotini, akasoma ile barua ukutani kutoka juu hadi chini.

Vyombo vilifika baadaye, wiki moja kabla ya safari yake ya kurudi nyumbani. Alisimama mlangoni na orodha ya stika, akafuatilia kila boksi kwa kidole. Boksi la vitu mchanganyiko alilifungua mwenyewe. Viatu vilikuwa sambamba vile vile alivyovipanga, mfuko wa mashine ukiwa kati yake, na faili juu, halijakunjwa hata kona. Akalitoa, akamkabidhi binti yake mkononi, akaenda kuweka chai. Siku ile tulipiga nakala ya kila karatasi, moja ya kwenye mkoba, moja ya kwenye simu, na moja akaenda nayo Voi.

Gharama za ada za leseni tulirudishiwa na jeshi. Sheria inaruhusu kurudishiwa hadi dola 1,000 kwa mwenza anayelazimika kulipia leseni kwa sababu ya uhamisho, naye askari ndiye anayewasilisha risiti. Nakuta familia nyingi za watu wetu hazijui, na zinalipa mfukoni.

Bunge la Marekani liliirekebisha sheria ile mwishoni mwa 2024. Sasa hata mawakili wamo, na mwombaji anapaswa kupeleka uthibitisho wa amri ya uhamisho, hati ya kiapo iliyoshuhudiwa na mthibitishaji, na kama ni mwenza, nakala ya cheti cha ndoa. Cheti kile kilichokaa ghalani, sasa kimeandikwa ndani ya sheria kwa jina lake.

Kwa hiyo ninawaomba ndugu zangu wasemao Kiswahili walio kwenye nyumba za askari wa Marekani, kutoka Kenya, Tanzania, Kongo, Burundi na kwingineko. Kama ndoa yako ilifungwa nyumbani, agiza sasa nakala iliyothibitishwa ya cheti, kabla amri ya uhamisho haijaja. Linganisha jina lililo kwenye cheti na lililo kwenye leseni yako, na kama hayafanani rekebisha ukiwa bado kwenye jimbo lililokupa leseni hiyo. Usinyoe, usisuke, usimchome mtu sindano kwa malipo kwenye jimbo jipya hadi leseni yako itambuliwe kwa maandishi. Ukiambiwa kwenye simu kwamba haiwezekani, usiiache kazi yako kama alivyoiacha jirani yetu wa Clarksville. Nenda kwa mwanasheria wa kambi na karatasi zako, yeye halipwi na wewe. Na siku ya wapakiaji, faili likae begani kwa mtu.